Jumapili niliyopima kura kwa mizani

Barua ilifika Januari 2021, na haikuwa na porojo. Manispaa imenichagua kuhesabu kura Jumapili ya tarehe 7 Machi, nifike saa tatu asubuhi ukumbi wa skuli ya msingi, nije na kalamu yangu mwenyewe kwa sababu ya korona. Nikiwa na udhuru niulete kwa maandishi. Nisipotokea bila ya udhuru, faini. Mume wangu, mzaliwa wa hapa hapa Bern, aliisoma akacheka: "Karibu Uswisi." Miaka kumi na tano niko hapa, watoto nimezalia hapa, lakini kwake yeye siku ile ndiyo niliyofika.

Nikampigia mama Wete. Kwetu Pemba mtu anayehesabu kura ni mtu mkubwa, au ni mtu wa kuogopwa, na mara nyingi ni yote mawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Na baridi?"

"Hatujambo. Mama, nimeitwa kuhesabu kura."

Akanyamaza kidogo. "Kura za nani?"

"Za huku."

"Wewe? Na huo mtandio wako kichwani?"

"Na mtandio wangu."

"Basi wamekosa watu."

Hawakukosa watu. Ndivyo wanavyofanya, majina yanatoka kwenye daftari la wapiga kura, na mwaka ule langu lilitoka. Kuingia kwenye daftari lile ndiko kulikonigharimu. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku niliyopokea pasi nyekundu ya Uswisi nilikuwa nimeshaiaga ya kwetu. Nikiwa nyumbani likizo naingia kwa viza kama mtalii, napanga foleni na Wazungu wenye kaptura. Nilichopata badala yake ni bahasha.

Bahasha yenyewe huja hadi mara nne kwa mwaka, wiki kadhaa kabla ya Jumapili ya kura. Ndani mna karatasi za kura, kadi ya mpiga kura ya kutia sahihi, na kijitabu chekundu ambamo serikali inaeleza kila suala, wanaounga mkono wanasema nini, wanaopinga wanasema nini. Si uchaguzi wa mbunge wala diwani. Ni masuala. Bunge likipitisha sheria, wasioipenda wakikusanya sahihi 50,000 ndani ya siku 100, sheria ile haipiti mpaka wananchi waulizwe. Na mwenye lake la kutia kwenye Katiba, akipata sahihi 100,000 ndani ya miezi 18, nalo linaletwa. Watu wengi hujaza mezani nyumbani wakarudisha kwa posta. Mie najaza jikoni Ijumaa usiku, watoto wakishalala, na chai ya tangawizi.

Sasa Jumapili yenyewe. Tulikuwa watu kama ishirini ukumbini, meza zimeachanishwa, madirisha wazi, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kila mtu barakoa puani. Barakoa hizo zikumbukwe, nitazirudia.

Kazi haina ushujaa wowote. Unafungua bahasha kubwa, unatoa kadi, unaangalia sahihi. Kadi isiyo na sahihi, kura yake imekufa, hata kama mwenyewe unamjua na unajua kaisoma ile karatasi wiki nzima. Kadi zinakwenda upande mmoja, bahasha ndogo zisizo na jina zinakwenda upande mwingine, na tokea hapo jina na kura havikutani tena. Kwenye fungu langu nilikuta kadi tatu zisizo na sahihi. Moja ni ya mtu tunayekaa naye jengo moja, hodari wa kubishana siasa kwenye chumba cha kufulia nguo. Mpaka leo sijamwambia, na hapa pia sitaitaja ghorofa.

Halafu ndipo unapofungua kura. Huku mtu hatii alama ya vema. Anaandika kwa mkono wake, Ja au Nein, yaani ndio au hapana kwa Kijerumani. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka nilipokaa mbele ya mamia ya mikono ya watu. Kuna Nein iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, herufi zimelala kama za skuli za zamani. Kuna Ja iliyokandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Kuna mmoja kaandika Ja, kakata, kaandika Nein, kakata, mwisho kaiacha. Tuliijadili hiyo watu watatu kama mahakama. Na kuna zile zinazotetemeka, za wazee, mstari unapanda na kushuka. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mwandiko ule naujua vizuri.

Mafungu yakishakuwa manne kwa kila suala, za Ndio, za Hapana, zilizo tupu na zilizoharibika, nilidhani sasa tutahesabu mojamoja. Karani wa manispaa akaja na mizani.

Nilicheka kwa sauti, ikabidi nieleze. Karatasi zote ni sawa kwa uzito, kwa hiyo unapima mia moja, mizani inajua karatasi moja ina uzito gani, kisha unaweka fungu zima na idadi inajisoma yenyewe. Ni mizani ya kitaalamu, inashtuka hata ukipumua karibu yake. Lakini miye nimekulia nyumba ya karafuu. Nimechambua makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi, nimeanika juu ya majamvi, nimekimbia kuanua mvua ilipotishia, na nimesimama na marehemu baba kwenye kituo cha kuuzia nikimwangalia anavyouangalia mkono wa mpimaji. Baba hakuwa akitazama mizani. Alikuwa akitazama mkono. Na mie siku ile, Mungu anisamehe, nilijikuta nauangalia mkono wa karani. Ulikuwa mbali na sahani ya mizani, umeshika kikombe cha kahawa.

Tulipima mafungu yote mara mbili, na yalipokuwa yamekaribiana tukayahesabu kwa mkono. Hiyo ya mara mbili hakuna aliyeilalamikia isipokuwa kijana mmoja aliyekuwa na treni ya saa nane.

Siku ile kulikuwa na masuala matatu ya taifa. La kwanza, sheria ya kitambulisho cha kielektroniki, ambayo ingeyaachia makampuni binafsi kutoa vitambulisho hivyo. Hilo fungu la Hapana lilikuwa refu kama mkate wa mofa juu ya mwenziwe, na nchi nzima ikasema Hapana kwa asilimia 64.4. La pili, mkataba wa biashara na Indonesia. Waliopinga walizungumzia mafuta ya mawese na misitu inayofyekwa. Mtoto wa Pemba akisikia Indonesia hafikirii mawese. Anafikiria karafuu, maana wale walikuwa wateja wetu wakubwa mpaka walipopanda zao za kuwatosha, na baba alikuwa akiitaja nchi ile kama mwanamke anavyomtaja mke mwenza. Nilikaa na karatasi ya Indonesia jikoni muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ikapita kwa asilimia 51.6.

La tatu lilikuwa kufunika uso.

Pendekezo lilikuwa kupiga marufuku kwenye Katiba mtu kuficha uso wake hadharani. Kwenye karatasi hapakuandikwa nikabu wala buibui, lakini kwenye mabango ilikuwa ni mwanamke wa nikabu, ninja kama tunavyoiita mitaani, macho makali yanakutazama kituo cha basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lucerne walikadiria wanaovaa nikabu Uswisi nzima hawafiki arobaini. Nchi ya watu zaidi ya milioni nane. Mie sivai nikabu na sijawahi kutaka kuivaa. Mama haivai. Marehemu bibi yangu alikuwa na buibui la kamba, akalivuta mbele ya uso anapopita barazani penye wanaume na kuliachia akishapita, na sidhani kama kuna serikali ingeweza kumwandikia sheria ya kitu hicho.

Basi tukae tutazamane. Watu ishirini, wote tumefunika nyuso kwa amri ya serikali, tunafungua moja moja karatasi zinazouliza kama kufunika uso kupigwe marufuku. Mzee aliyekaa mbele yangu aliliona hilo wakati mmoja na mie. Macho yake yakacheka juu ya barakoa. Hakusema kitu, nami sikusema, na kwa muda kila aliyefungua Ja alikuwa akiiweka kwenye fungu taratibu, kama anayeweka yai. Sijui yeye aliandika nini kwenye yake. Alikuwa mtu mwema, alinipa nusu ya mkate wake.

Ndio ilishinda kwa asilimia 51.2. Marufuku yale yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2025, na faini inaweza kufika faranga 1,000. Barakoa za afya zimeruhusiwa, na vinyago vya sherehe za kanivali pia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikuwa na hasira ya kupiga meza, kwa sababu hiyo nilikuwa nimeshaimaliza zamani, tarehe 29 Novemba 2009.

Mwaka huo sikuwa na bahasha. Nilikuwa mke wa mtu mwenye bahasha. Mume wangu alijaza yake mbele yangu, akanionyesha Nein yake kama mtoto anavyoonyesha daftari, nikamwambia ahsante, na neno lile ahsante likanikaa vibaya kooni. Suali lilikuwa minara ya misikiti, ipigwe marufuku kujengwa au isipigwe. Minara yote ya Uswisi ilikuwa minne: Zürich, Geneva, Winterthur na Wangen bei Olten, na huo wa mwisho ndio uliozua rabsha yote, kimnara kifupi juu ya paa la jumuiya ya Waturuki. Mabango yalikuwa na minara meusi imesimama juu ya bendera kama makombora. Serikali ilisema kataeni. Bunge likasema kataeni. Kura za maoni za magazetini zilisema itakataliwa. Jumapili alasiri ikapita kwa asilimia 57.5, na kantoni, yaani majimbo ya huku, karibu zote zikaikubali. Basel mjini, Geneva, Vaud na Neuchâtel ndizo zilizokataa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba miye ni mtu wa Zanzibar, na ningeweza kuwaeleza jambo kuhusu minara. Ukitembea Mji Mkongwe utapita misikiti mingi ya zamani bila ya kujua kwamba ni misikiti. Haina minara. Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi walijenga hivyo, ukuta mweupe na mlango, basi. Ndiyo maana msikiti wa Malindi wenye mnara wake wa mviringo uliochongoka ukaitwa tu Msikiti wa Mnara, kila mtu akajua upi. Kwa hiyo msikiti bila mnara unaswaliwa vizuri sana, hilo hatukuhitaji Waswisi watufundishe. Lakini hakuna mtu aliyekuja Malindi na karatasi kuwauliza majirani kama ule mmoja ubomolewe au ubaki.

Na mwezi ule ule, fikiria, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Karume na mpinzani wake mkubwa, Maalim Seif, walikuwa wameshikana mikono Ikulu Zanzibar. Sisi tulioko nje tulipigiana simu usiku kucha. Karibu miezi tisa baadaye, tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari wakaitwa kwenye kura ya maoni, mnataka serikali ya umoja wa kitaifa, ndio au hapana. Mama alivaa kanga mpya. Alitoka nyumbani baada ya alfajiri, na simu yake ya kwanza kwangu ilikuwa ya kunionyesha kidole cha wino, ingawa simu yenyewe ilikuwa ya tochi, haina kamera. "Kimekolea," aliniambia, "kimekolea kweli kweli." Asilimia 66.4 walisema ndio. Kwa mama ile ndiyo kura pekee maishani mwake ambayo hakuna mtu aliyelia usiku wake.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja nilizishuhudia kura mbili za maoni kwa mbali. Moja nilikuwa hapa bila ya haki ya kupiga. Nyingine nilikuwa na haki, lakini nilikuwa hapa.

Kura yangu ya kwanza niliyoipiga mwenyewe ilikuwa tarehe 25 Novemba 2018, na ilihusu pembe za ng'ombe. Mtu wa Pemba kapigia kura pembe. Wenzangu wa Dar walinicheka nusu mwaka. Mkulima mmoja wa milimani, Armin Capaul, aliona haya kwamba ng'ombe wengi Uswisi wanachomwa vichwa wangali ndama ili pembe zisiote, akazunguka na makaratasi mpaka akapata sahihi zaidi ya laki moja. Alitaka anayewaachia ng'ombe na mbuzi wake pembe apewe ruzuku. Nikamweleza mama.

"Ng'ombe?" akasema. "Wamekuulizeni ng'ombe?"

"Pembe zao, mama."

"Na Katiba yenu mnaiandika pembe za ng'ombe?"

Hapo mama aligusa penyewe. Wananchi huku hawawezi kupendekeza sheria ya kawaida ya taifa kwa sahihi zao. Wanaweza kubadilisha Katiba tu. Kwa hiyo kila mwenye jambo lake, liwe la ng'ombe, la mishahara, la minara, anaipigia hodi Katiba. Nilisema Ja kwa pembe. Tulishindwa, asilimia 54.7 walikataa. Capaul alionekana kwenye televisheni na ndevu zake na kofia yake ya sufi, wala hakuonekana mtu aliyeshindwa. Ng'ombe, alivyoonekana, walikuwa wamezungumzwa nchi nzima, na hiyo kwake haikuwa haba.

Tangu hapo nimeshindwa mara nyingi mno. Wameniongezea umri wa kustaafu wanawake kutoka 64 hadi 65 kwa asilimia 50 na ushei, Septemba 2022. Niliposhinda, nilishinda na wengi, kama pensheni ya mwezi wa kumi na tatu Machi 2024, asilimia 58.2, wazee wangu kazini kesho yake walikunywa mvinyo saa nne asubuhi na mie nikawamiminia. Na watu wa nyumbani nikiwaambia kwamba mwaka 2012 Waswisi waliulizwa kama wanataka likizo ya lazima ya wiki sita badala ya nne, na thuluthi mbili yao wakasema hapana, hawaniamini. Binamu yangu aliniuliza kama walilielewa suali.

Lakini kushindwa kulikonifanya nijijue ni kwa tarehe 29 Novemba 2020. Tarehe ile ile ya minara, miaka kumi na moja mbele. Pendekezo lilitaka makampuni yenye makao yake Uswisi yashitakiwe hapa hapa yanapodhuru watu au mazingira kwingineko: migodi, mashamba ya kakao, mambo ambayo Waafrika tunayajua kwa majina ya vijiji. Nilining'iniza bendera ya rangi ya chungwa barazani, kitu ambacho sijawahi kufanya. Na tukashinda! Asilimia 50.7 ya wapiga kura walisema Ja. Halafu tukashindwa. Maana kubadilisha Katiba kunataka wingi wa watu na pia wingi wa kantoni, na kantoni nyingi zilikataa. Uri yenye watu wasiofika elfu arobaini ina kura moja ya kantoni sawasawa na Zürich yenye watu milioni moja na nusu. Kabla ya hapo, mara ya mwisho pendekezo la wananchi kupata wingi wa watu na kuangushwa na kantoni ilikuwa 1955.

Niliishusha bendera kwa ghadhabu. Vipi watu wachache wa milimani wawazuie wengi? Nilimpigia kaka yangu Chake Chake nikalalamika nusu saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Sasa dada, sisi Zanzibar tuko wangapi?"

Sikuwa na jibu. Kwetu, ile kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ambayo iliahirishwa na haijafanyika, sheria yake ilitaka wingi Tanzania Bara na wingi Zanzibar, kila upande kivyake. Na miye nilikuwa mmoja wa waliosema hilo ndilo jambo pekee la maana ndani yake, kwamba kisiwa kisimezwe. Nilikuwa mtu wa Uri bila ya kujijua. Bado naamini pendekezo lile lilistahili kupita. Bado naamini Uri wana haki yao. Yote mawili nimeyaweka kabati moja na yanagombana usiku.

Mtu aliyenifundisha namna ya kukaa na matokeo si mwanasiasa. Ni bibi mmoja niliyemhudumia kazini, aliyezaliwa 1931, mwanamke wa ulimi. Tarehe 1 Februari 1959 wanaume wa Uswisi waliulizwa kama wanawake wapige kura. Asilimia 66.9 walisema hapana. Bibi alikuwa na miaka ishirini na saba, na mtoto mmoja mgongoni, kama tungesema sisi. Mume wake alivaa suti ya Jumapili, akaenda kupiga, akarudi, akakaa mezani. Bibi akamtilia supu.

"Umeandika nini?"

"Kura ni siri," mume akasema, na akaendelea kula.

"Basi nikajua," bibi aliniambia. "Aliyeandika ndio angesema."

Tarehe 7 Februari 1971 wakaulizwa tena, wanaume wale wale au watoto wao, na safari hii asilimia 65.7 wakakubali. Mume akarudi kutoka kupiga, hata koti hajavua, akasema: "Nimeandika Ja." Bibi alikuwa anapiga pasi.

"Kura ni siri," akamjibu.

Kila aliponihadithia alicheka mpaka akakohoa. Kuna kantoni moja, Appenzell Innerrhoden, ambako wanaume waliendelea kukataa kura za wanawake katika mambo ya kantoni, uwanjani, mikono juu na mapanga kiunoni, mpaka mahakama kuu ya shirikisho ilipowalazimisha mwaka 1990. Hilo bibi hakulicheka.

Mahakama hiyo hiyo ilifanya jambo jingine ambalo mtu wa Pemba hawezi kulipita kimya. Februari 2016 kulikuwa na kura juu ya kodi za wanandoa, ikakataliwa kwa asilimia 50.8. Baadaye ikajulikana kwamba serikali iliwaambia wapiga kura wanaoumizwa na kodi ile ni wanandoa kama 80,000 wenye kazi wote wawili, kumbe ni kama 454,000. Aprili 2019 mahakama ikaifuta kura ile, mara ya kwanza kura ya taifa kufutwa katika nchi hii. Nilisoma neno lile, kufuta, nikashtuka, maana sisi Zanzibar tumefutiwa uchaguzi wetu Oktoba 2015, siku ya tatu baada ya kupiga, na miili yetu inalikumbuka neno hilo kabla ya akili. Ilinibidi nisome habari yote mara mbili ndipo nielewe kwamba huku aliyekuwa amekosea ni serikali, na aliyeshitaki ndiye aliyeshinda. Mume wangu alikuwa anakula, akaniuliza mbona nimesimama.

Mwezi wa Septemba 2025 nilifungua bahasha jikoni kama kawaida, na ndani mkawa na kitambulisho cha kielektroniki. Kile kile. Safari hii kitatolewa na serikali yenyewe, si makampuni, walikuwa wamekwenda kukitengeneza upya baada ya kusikia. Lile fungu la Hapana nililolibeba mimi kwa mikono miwili mpaka kwenye mizani, lilikuwa limewarudisha watu mezani miaka minne. Niliandika Ja, kwa mwandiko mzuri, nikimfikiria atakayekaa kuufungua. Ikapita kwa asilimia 50.4, pembamba kama uzi.

Usiku ule mama alipiga. Sasa ana simu ya kamera lakini anaishika sikioni, kwa hiyo naona sikio lake na hereni.

"Leo mlikuwa na kura," akasema. Watoto humwambia.

"Tulikuwa nayo mama. Ile ya kitambulisho, niliyokuhadithia zamani, tuliyoikataa. Imerudi, imekubaliwa."

"Kumbe kitu kikikataliwa kinarudi?"

"Huku hurudi. Na wanawake pia walikataliwa wakarudi."

Sikio likatulia. Nyuma yake nikasikia adhana ya Isha ya msikiti wa mtaani kwetu, ule wenye kipaza sauti kibovu kinachokata kila baada ya neno la tatu.

"Na mnara je?" mama akauliza. "Hamjaulizwa tena?"

"Bado, mama."